Kizibao Kisichofuliwa

Kila Jumamosi alasiri, duka la dobi likishafungwa na pasi kupoa, watu wazima watatu wenye akili zao timamu walikaa juu ya mafurushi ya nguo na kugombana. Mmoja alikuwa Mwalimu, aliyefundisha hesabu na kufunga vifungo vyote vya shati hata kwenye joto la mvuke. Wa pili alikuwa Nesi, wa wodi ya mifupa, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha. Wa tatu ndiye mwenye duka, naye ndiye tunayemfuata hapa: Mama Pasi, mama wa makamo, mikono imara, mvi ameziacha kama zilivyo kwa sababu hana muda wa kuzibembeleza. Ubishi wao ulikuwa ule ule miaka nenda miaka rudi, na ulihusu bendi ya Tanuri.

Kwa asiyeijua, Tanuri ni bendi ya roki nzito, ile ya magitaa yanayokoroma, dramu zinazokimbia kama zinafukuzwa, na mwimbaji anayepiga yowe kama mtu aliyeshika waya wa umeme. Wapo wanaoiita kelele. Wamekosea, lakini tuwasamehe, maana hawakulelewa pale alipolelewa Mama Pasi. Bendi hiyo ilivunjika zamani kwa ugomvi, na sasa, wenyewe wakiwa wazee, ilikuwa imerudiana na kuanza ziara ya kuzunguka miji. Onyesho la mwisho lingefanyika kwenye uwanja wa mji wa hawa watatu.

"Wameshusha," Mwalimu alisema Jumamosi ile, simu ameibana sikioni akisikiliza onyesho la mji mwingine. "Nyimbo zote zimeshushwa. Mwimbaji hafiki noti za juu tena."

"Na wewe ungefika?" Nesi akamdaka. "Nina wagonjwa wadogo kwake hawawezi kushuka kitandani. Yeye anaruka jukwaani, wewe unamhesabia."

"Sijasema asiimbe. Nimesema wameshusha."

"Basi wameshusha. Hiyo ndiyo akili. Ulitaka apasuke koo ndiyo ufurahi?"

Mama Pasi alikuwa akikunja mashuka. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Na ile solo ya gitaa kwenye wimbo wa 'Pumzi ya Chuma'? Wanaipiga?"

Mwalimu akashusha simu. Nesi akaanza kukagua kucha zake.

"Wanaipiga," Nesi akasema mwishoni. "Ila mpiga gitaa ameikata. Yeye mwenyewe. Ni vidole, Mama Pasi. Mimi kazi yangu mifupa, nimevitazama kwenye video, viungo vimevimba. Anapiga kipande, anapumua, halafu mwimbaji anaingia."

Mama Pasi alichukua shati la mteja akalinyoosha kwa pasi iliyokwisha kupoa, jambo ambalo hajawahi kulifanya katika maisha yake ya kazi. "Kaka asijue," akasema. "Mtu yeyote asimwambie Kaka."

Ili ujue kwa nini ilikuwa siri, lazima turudi nyuma kidogo.

Mama yao alikuwa dobi wa hospitali. Baba alikuwa mtu wa safari, na safari moja hakurudi, basi watoto wawili, kaka na dada yake mdogo, walikulia kwenye chumba cha kufulia. Wakitoka shule walipanda juu ya rundo la mashuka na kukaa mbele ya mashine kubwa yenye kioo cha duara. Mashine ile ilipofika kukamua, na mashuka yakiwa yamejikusanya upande mmoja, ilikuwa inacharuka. Ilitikisa sakafu, ilitikisa madirisha, ikapiga du-du-du-PA, du-du-du-PA, mpaka meno yanagongana. Mama yao alikuja mbio kuizima kabla haijang'oka. Watoto walikuwa wanapiga kelele kwa pamoja, "Iache, Mama! Iache kidogo!" Na mama, aliyekuwa mkali kwa mambo yote mengine, aliiacha kidogo.

Kaka alipoanza kujifunza ufundi wa lifti, siku moja alirudi na kaseti aliyoazimwa kazini. Akaiweka kwenye redio. Dada yake alikuwa anapiga pasi. Alisikiliza mpaka kiitikio cha kwanza, akasema, "Hii si ile mashine?"

"Ndiyo yenyewe," kaka akajibu, na toka hapo wakawa watu wa Tanuri.

Uwezo wao ulikuwa wa kununua kizibao cha jinzi kimoja tu, wakakivaa kwa zamu. Walikishonea nembo za kila onyesho, na mgongoni wakashona picha kubwa ya mwimbaji na mpiga gitaa wamesimama wakipeana migongo. Na walishika sheria ambayo mashabiki wote wa muziki huo wanaijua: kizibao hakifuliwi. Jasho, vumbi, mvua, soda iliyomwagika, vyote vinabaki humo, maana ndiyo kumbukumbu yenyewe. Mama yao nusura apate wazimu. "Watoto wa dobi mnanuka namna hii! Mnataka watu wanione mimi nani?" Alikiwinda kile kizibao na sabuni mkononi kama mtu anayewinda panya, nao wakikificha chini ya godoro, juu ya tangi, hata ndani ya sufuria. Alifariki bila kukipata.

Sasa ule ugomvi. Katika onyesho la mwisho kabla Tanuri haijavunjika, kwenye "Pumzi ya Chuma", mpiga gitaa aliingia kwenye solo, kipande chake cha kupiga peke yake, akanogewa. Akaenda, akaenda tena. Mwimbaji alisimama na kipaza sauti akingoja zamu yake, akaguna, akakiweka chini, akashuka jukwaani, na bendi ikafia pale pale. Kaka alikuwa ametazama saa yake muda wote.

"Solo ilikuwa ndefu mno," alisema walipokuwa wakitoka getini. "Nimeipima."

"Solo haipimwi kwa saa, Kaka!"

"Mimi ni mtu wa lifti. Mtu akingojeshwa najua kangojeshwa kiasi gani. Yule bwana alimdharau mwenzake."

"Alikuwa anapiga na roho yake! Ulitaka aikate katikati?"

Walibishana njiani, wakabishana mezani, wakabishana wiki nzima, kila mmoja akitetea mtu asiyemjua kama anatetea mzazi wake. Mwisho kaka akaleta wembe, akakata kizibao mgongoni toka kolani hadi pindo, katikati ya ile migongo miwili. Akachukua nusu ya mwimbaji, akamtupia dada nusu ya mpiga gitaa. Ukiniuliza, lilikuwa tendo la kitoto. Lakini lilifanywa na watu wazima, na ndiyo maana lilidumu.

Usidhani walikatana undugu. Walimuuguza mama pamoja na kumzika pamoja, wakaoza watoto pamoja, wakakaa vikao vya ukoo wakipokezana maneno ya adabu. Neno moja tu halikutajwa kati yao, nalo ni Tanuri. Mashabiki wa upande wa gitaa walikusanyika kwa dobi, wa upande wa mwimbaji kwa fundi lifti. Cha ajabu, mwimbaji na mpiga gitaa wenyewe walipatana mapema sana, wakapigwa picha wakila pamoja kwenye harusi ya binti wa mmoja wao. Waliobaki vitani ni washangiliaji.

Kwa hiyo habari ya ziara ilipotoka, Mama Pasi alikata shauri, na akishakata shauri huwa haligeuki. Angesimama mbele ya jukwaa, kaka yake kando yake, na kizibao kikiwa kizima. Hakutaka kingine. Alijua umri wao ulikofika, na alijua bendi ile haitazunguka tena. Akikosa safari hii, watakuja kuzikana na lile neno likiwa katikati yao.

Jumatatu alimfuata kaka kazini, kwenye jengo la ofisi ambako lifti ilikuwa imekwama. Alimkuta amesimama ndani ya shimo la lifti, kichwa tu ndicho kiko usawa wa sakafu, amepakaa grisi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba. Nyumbani wazima?"

"Wazima. Kaka, Tanuri wanakuja."

Kichwa kikazama kidogo. "Naona wanakuja. Wamerudi kwa ajili ya matumbo yao."

"Na wewe humo shimoni umeingia kwa ajili ya nini, mazoezi?"

Kaka alitaka kucheka, akajizuia. "Dada, yale mambo yaliisha."

"Kama yangekuwa yameisha tungekuwa tunayazungumza. Nipe nusu yako nikiunganishe, twende."

"Nusu yangu siitoi. Haijaguswa na mtu tangu siku ile, na haitaguswa." Akachukua spana, akarudi kwenye kazi yake.

"Sikuja kuomba," Mama Pasi akaliambia lile shimo. "Nimekuja kukuarifu."

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa kaka yake, kwa wifi yake. Wifi hakuhitaji kubembelezwa. Alileta mfuko wa plastiki ameushika kwa vidole viwili, uso ameugeuza pembeni. "Chukua, wifi yangu, Mungu akubariki. Nimeolewa na mwanamume mmoja nikajikuta nalala na huyu wa kabatini. Ukimrudisha hapa, mimi na wewe basi."

Mama Pasi aliuweka ule mfuko kwenye kaunta ya duka lake, akatoka kwenda kutafuta uzi mnene wa kushonea jinzi. Hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo lisingetokea popote isipokuwa kwa dobi. Msaidizi wake, mama mcheshi ambaye mtaa mzima humwita Shangazi, alikuwa amefundishwa na Mama Pasi mwenyewe kwamba kilicho juu ya kaunta ni cha kufuliwa. Aliufungua mfuko, harufu ikampiga, akaelewa kwamba hii ni kazi ya dharura. Aliitia ile nusu ya kizibao kwenye maji ya moto pamoja na ovaroli za makanika.

Mama Pasi aliporudi na uzi wake, nusu ya kaka ilikuwa imeanikwa kwenye kamba, buluu ya kupendeza, inachuruzika maji.

"Ilikuwa na uchafu sugu hiyo," Shangazi akasema kwa fahari, mikono kiunoni. "Lakini nimeiweza."

Mama Pasi alikaa chini pale pale, sakafuni. Hakumgombeza. Angemgombeza vipi? Alichosema ni, "Umeifua vizuri, Shangazi," na kweli ilikuwa imefuliwa vizuri mno, na hilo ndilo lililomuuma.

Mwalimu alipopigiwa simu alikuja mbio, akashauri ipakwe grisi ya gereji na mchanga kidogo, kaka hatajua. Nesi akamwangalia kama mgonjwa aliyevua plasta mwenyewe. "Atajua kabla hajaishika. Mwambie ukweli."

Basi Mama Pasi akajikaza kisabuni, akampigia kaka yake. "Njoo dukani. Nimekuharibia kitu chako."

Kaka alikuja na ovaroli yake ya kazi. Mwalimu na Nesi walikuwa wamepata dharura ghafla na kuondoka. Aliichukua nusu yake kwenye kamba, akaigeuza, akainusa. Alikaa muda mrefu pua ikiwa ndani ya kitambaa.

"Hapa kolani palikuwa na jasho la onyesho la kwanza," akasema. "Hapa palikuwa na damu ya pua yangu, siku ile tulipobanwa kwenye uzio."

"Najua. Nilikufuta mimi."

"Sasa hakuna kitu."

Mama Pasi angeweza kumweleza habari za mfuko, na kaunta, na Shangazi. Hakujitetea. Alikwenda ukutani nyuma ya meza ya pasi, ambako nusu yake ilining'inia kwenye msumari miaka yote hiyo, imekakamaa kwa uchafu mpaka ingeweza kusimama yenyewe. Aliitungua. Alifungua mlango wa mashine kubwa, akaitia ndani, peke yake, akamimina sabuni.

"Unafanya nini?" kaka akauliza.

"Yako imefuliwa. Yangu inafuliwa."

"Mimi sijakwambia uifue!"

"Hujaniambia."

Akabonyeza. Kusema kweli iliuma. Ile nusu ilikuwa na ujana wake wote, na ndiyo kitu pekee katika maisha yake ambacho mikono yake ya kidobi haikuwahi kukisafisha. Maji nyuma ya kioo yalibadilika yakawa ya kahawia, kisha meusi. Alitazama mpaka mwisho bila kugeuza uso. Kaka alikuja akakaa kando yake juu ya furushi, kwa sababu miguu ilikuwa imemchoka, au ndivyo alivyosema.

Mashine ikafika kukamua. Jinzi moja nzito iliyolowa, bila kitu cha kuisawazisha, ikajibandika upande mmoja. Mashine ikaanza kuyumba, ikaanza kutembea, kisha ikacharuka. Du-du-du-PA. Hanga za nguo zikagongana, pasi zikacheza kwenye rafu. Du-du-du-PA.

Shangazi akatoka mbio chumba cha nyuma kwenda kuizima.

"Iache!" ndugu wawili wakapiga kelele kwa pamoja.

Shangazi akaganda, mkono hewani. Mama Pasi hakuthubutu kumtazama kaka yake. Aliona kiatu chake tu, kiatu cha kazi chenye grisi, kikianza kugonga sakafu. Kisha akaona kivuli cha kichwa chake ukutani kikipanda na kushuka, na chake mwenyewe kikifuata. Mtu na dada yake, vichwa vyeupe, wanatikisa shingo mbele ya mashine ya kufulia. Shangazi baadaye aliapa kwamba alidhani ni ugonjwa wa ukoo.

Mashine ilipotulia, kaka alikohoa. "Huyo mpiga dramu wao mpya," akasema, akitazama kioo. "Yupo vizuri?"

Mama Pasi akaufungua mlango wa mashine. "Yupo vizuri. Ila nyimbo wameshusha."

"Nimesikia."

"Umesikia wapi?"

"Kwani mimi sina simu? Wimbo mmoja tu, nikazima." Akanyoosha mkono. "Huo uzi uko wapi? Wewe mishono yako ya nguo za watu, haitashika jinzi."

Kilishonwa kwa mkono, mshono umepinda kidogo mgongoni, na nusu ya kaka imepauka zaidi ya nyingine kwa yale maji ya moto. Siku ya onyesho walipanga foleni jua likiwa bado kali. Binti mmoja nyuma yao, amevaa kizibao chenye harufu ya kuamsha maiti, alinusa hewa akashangaa. "He, Mama! Mbona mnanukia sabuni? Kizibao hakifuliwi!"

Mama Pasi alifungua mdomo, lakini kaka alimtangulia. "Mama yetu alikuwa dobi, binti. Amesubiri sana huyo."

Walipata nafasi mbele kabisa, Mwalimu na Nesi wakiwalinda kwa viwiko. Kizibao walikivaa kwa zamu kama zamani. Ulipoanza "Pumzi ya Chuma" ilikuwa zamu ya Mama Pasi. Alijua kinachokuja. Alijua mpiga gitaa wake, aliyemtetea nusu ya maisha yake, ataikata solo mwenyewe mbele ya watu wote, na kaka atageuka na kumwambia: umeona? Hata mwenye solo kakubali ilikuwa ndefu. Alijiandaa kuyapokea hayo maneno. Aliamua kwamba atayapokea na hatajibu, maana yeye alikuja kusimama na kaka yake, na amesimama.

Mzee wa gitaa akasogea mbele. Vidole vilivyovimba vikashika nyuzi. Alipiga kipande kimoja, kitamu mno, kwa uangalifu wa mtu anayeshuka ngazi gizani. Kisha akapumua, akamtazama mwimbaji, na mwimbaji akamwekea mkono begani na kuingia na wimbo.

Kaka akainua mkono, akatazama saa. Mama Pasi akafumba macho.

"Imekwisha?" kaka akauliza.

"Imekwisha, Kaka."

Kaka akaitikisa ile saa, akaiweka sikioni, akaitazama tena. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtoto aliyenyang'anywa kitu.

"Mbona fupi hivyo?"

Hakungoja jibu. Aliweka viganja mdomoni, akainama juu ya uzio na kumpigia kelele mpiga gitaa kwa nguvu zake zote, sauti ikimkwaruza, "Ongeza! Mzee wangu, ongeza! Usiikate!" Mama Pasi akabubujikwa na machozi bila kujificha, akamshika kaka yake mkono wenye saa, wakaendelea kupiga kelele wote wawili.